Jioni ya Kifaransa na Kifilipino, watu 40: meza, picha na muziki tupangeje?

MwanaLyon

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Chama chetu cha mtaa hapa Lyon kina familia za Kifaransa, za Kifilipino na sisi Waswahili wachache. Tarehe 21 Juni, siku ya Fête de la Musique, tumepewa ukumbi wa watu 40 tufanye jioni ya kuonyesha jinsi Ufaransa na Ufilipino zilivyopokezana mambo. Nimepewa kuratibu meza, picha za ukutani na wapiga muziki. Jiko lina oveni moja, mafiga manne na friji moja kubwa.

Nilichopanga: leche flan kando ya crème caramel (zote ni kastadi yenye karameli), adobo ya kuku (wa siki na soya) kando ya coq au vin (kuku wa divai), Spoliarium ya mchoraji Mfilipino Juan Luna ikiwa picha kubwa ya mlangoni, kisha akodiani na kulintang, patu za Kifilipino, zipige pamoja. Nikosoeni sasa kabla hela haijatoka. Vipimo na saa ndivyo ninavyovihitaji zaidi.

KoroshoNaSiagi

Ndugu, leche flan ni tamu na iweke, lakini asili yake ni Uhispania, iliyotawala Ufilipino kwa zaidi ya miaka 300. Ukiiweka kando ya crème caramel utaonyesha ndugu wawili wanaofanana, basi. Kama unataka kitu ambacho mkono wa Kifaransa unaonekana wazi, pika sans rival. Jina lenyewe ni Kifaransa, "isiyo na mpinzani", na Wafilipino wanalitamka kwa lafudhi yao. Ni binti wa dacquoise, keki ya meringi (ute wa mayai uliopigwa na sukari) ya kusini-magharibi mwa Ufaransa iliyopewa jina la mji wa Dax. Kule hutia lozi au hazelnut. Ufilipino wakatia korosho, wanaziita kasuy, na meringi wakaitandaza nyembamba hadi ikawa kama biskuti. Mji wa Dumaguete unasifika kwa hiyo, pamoja na silvanas, ambazo ni sans rival ndogondogo za kushika mkononi zilizoviringishwa kwenye chenga za biskuti.

Keki moja ya sentimita 20 kwa 30 inatoa vipande 20, kwa hiyo pika mbili. Kwa kila keki:

Meringi: ute wa mayai 6 (kama gramu 200), sukari laini gramu 200, kijiko kidogo cha maji ya ndimu, korosho zilizokatwakatwa gramu 150.
Krimu: viini vilevile 6, sukari gramu 150, maji mililita 60, siagi isiyo na chumvi gramu 250, chumvi kidogo sana.
Juu: korosho gramu 100.

Yai halibaki wala kiini hakitupwi, ndiyo raha yake.

Korosho zipashwe oveni 160°C dakika 10, zipoe kabisa, ndipo uzikate kwa kisu hadi ziwe kama punje za mchele. Usizisage. Mashine inatoa mafuta, na mafuta ndiyo adui wa povu la ute. Ukichanganya tu, bakuli zima linanywea na kuwa uji. Kwa sababu hiyohiyo bakuli lipanguswe kwa ndimu, na chembe ya kiini isiangukie ndani.

Piga ute na ndimu mpaka utoke povu jeupe, anza kutia sukari kijiko kimoja kimoja. Umefika pale ukiinua mchapo wa kupigia mayai ncha inasimama wima na inang'aa, na ukisugua kidogo kati ya vidole husikii mchanga wa sukari. Ukisikia mchanga, endelea, maana sukari isiyoyeyuka itatoa machozi ya shira kwenye oveni. Hapo kunja korosho kwa mwiko mpana, mara kumi na tano hivi, basi.

Una oveni moja, kwa hiyo usipige ute wa keki nzima kwa pamoja. Piga wa mayai 3, tandaza kwenye sinia ya 30 kwa 40 yenye karatasi ya kuokea iliyopakwa siagi na kunyunyizwa unga, unene milimita 6, uoke. Sinia ikikaribia kutoka, anza kupiga mwingine. Povu likisubiri nje dakika 25 linachuja maji chini.

Oka 160°C dakika 25 hadi 30, ukigeuza sinia katikati ya muda. Rangi iwe ya karameli hafifu hadi katikati, kwani ikiwa nyeupe katikati itakuwa kama sponji kesho yake. Ikitoka tu, ndani ya dakika moja au mbili, ikate katikati upate mbili za 20 kwa 30 na uibandue karatasi ingali ya moto na inapinda. Ikipoa inakuwa ngumu, na hapo ndipo watu wanapoivunja.

Krimu: chemsha sukari na maji hadi 118°C. Kama huna kipimajoto, dondosha tone kwenye maji baridi: liwe kidonge laini unachoweza kukibonyeza. Viini viwe vinapigwa tayari, mimina shira kama uzi pembeni mwa bakuli, si juu ya mchapo, la sivyo itarukia kuta na kuganda. Ukimimina kwa pupa utapata mayai ya kuvuruga. Piga hadi bakuli lisiwe na joto kabisa unapoligusa chini, ndipo utie siagi kijiko kwa kijiko. Siagi iwe laini ya kubonyea, si ya kumiminika. Krimu ikikatika na kuonekana kama maziwa mabovu, mara nyingi siagi ilikuwa baridi: weka bakuli juu ya mvuke sekunde chache, piga tena, itarudi. Ikiwa imekuwa supu, ilikuwa ya moto: friji dakika 10, piga tena.

Panga meringi, krimu, meringi, krimu, mpaka zifike nne, paka juu na kando, funika kwa korosho. Ifanye Ijumaa ikiwa sherehe ni Jumamosi. Usiku mmoja ndani ya friji unaifanya ilainike kidogo karibu na krimu huku ikibaki na ukavu katikati. Toa dakika 15 kabla ya kugawa, si zaidi, kwa joto la Juni.

MwanaLyon

Asante sana, hii sikuijua kabisa. Korosho za kuchoma zenye chumvi za dukani zinafaa? Na adobo je?

KoroshoNaSiagi

Za chumvi hapana, zinakwenda kuua krimu. Tafuta mbichi zisizo na chumvi. Kama kuna mtu anakuja na mzigo kutoka Mtwara, umepata nzuri kabisa, ila zikate mwenyewe.

Siki_na_Saumu

Mimi nitasema adobo tu. Kosa kubwa la adobo inayopikwa Ufaransa ni siki. Siki ya miwa au ya nazi ya Kifilipino kwa kawaida ina asidi asilimia 4 hadi 5. Siki ya divai ya Kifaransa imeandikwa 6 au 7 kwenye chupa. Ukifuata kipimo cha Manila kwa siki ya Lyon, nyama inawasha koo na mtu anaanza kutia sukari kurekebisha. Changanya siki vikombe viwili na maji kikombe kimoja, halafu pima kutoka hapo.

Kwa watu 40 wenye vyakula vingine mezani: mapaja ya kuku kilo 6, siki iliyochanganywa mililita 500, sosi ya soya mililita 400, vichwa 4 vya kitunguu saumu vilivyopondwa, majani ya laurier (bay leaf) 10, pilipili manga nzima vijiko vikubwa viwili. Gawa sufuria mbili za chuma cha pua au zilizopakwa enameli. Sufuria ya alumini tupu na siki havipatani, mchuzi unapata ladha ya madini.

Wapishi wa Kifilipino wana kanuni: siki ikishaingia, usikoroge wala usifunike mpaka ichemke. Ule ukali wa kwanza unatoka na mvuke. Kisha funika, moto mdogo, dakika 35. Toa kuku, punguza mchuzi hadi ushike mgongo wa kijiko, kaanga kuku kwenye mafuta kidogo ngozi ibadilike, rudisha. Chumvi ionje mwishoni, kwa sababu mchuzi ukipungua soya inajikusanya. Pika jana yake, inakuwa bora zaidi. Coq au vin nayo inapenda kulala, kwa hiyo siku yenyewe mafiga yako yatabaki kwa wali na kupasha.

Na mkitia ube kwenye meza: ni kiazi kikuu cha zambarau, jamii ileile ya viazi vikuu vya pwani. Kiazi kitamu cha zambarau si hicho, kina maji na utamu mwingine.

UkutaMweupe

Spoliarium usiiweke mlangoni kwa jioni hii. Luna aliichora Roma, na medali ya dhahabu aliipata Madrid 1884. Haina Paris ndani yake. Weka The Parisian Life ya 1892: mwanamke ndani ya mkahawa wa Paris, na wanaume watatu pembeni ambao kwa kawaida hutambuliwa kuwa Luna mwenyewe, José Rizal, shujaa wa taifa la Ufilipino, na rafiki yao Ariston Bautista Lin. Rizal alikuwa amesomea utabibu wa macho Paris kwa daktari Louis de Wecker. Picha moja inakupa wachoraji, wanafunzi na mkahawa kwa mpigo. Halisi yake ni ndogo, kama sentimita 57 kwa 79, kwa hiyo ichapishe kwa ukubwa huohuo, watu waisogelee. Ongeza Hymen, oh Hyménée!, ya Luna pia, iliyopata medali ya shaba kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris 1889.

Luna alifariki 1899 na mchoraji mwenzake Félix Resurrección Hidalgo 1913, hivyo haki zao zimekwisha na mnachapa bila kuomba. Wachoraji Wafilipino Macario Vitalis, aliyeishi Plestin-les-Grèves huko Bretagne, na Nena Saguil, aliyehamia Paris 1954, haki zao bado ni hai: Ufaransa inahesabu miaka 70 baada ya kifo. Hao waandikieni maelezo, msichape picha bila ruhusa.

Faili iwe na pikseli 3508 kwa 4961 au zaidi. Hiyo inatosha A3 ya kusomwa kwa karibu (nukta 300 kwa inchi) au A1 ya kutazamwa kutoka mita mbili (150). Chagua karatasi isiyong'aa, kwa sababu kwenye inayong'aa taa za ukumbi zitamulika na kufuta sehemu zote nyeusi za Luna.

Jambo moja la uzito. Mwaka uleule wa 1892, huko Paris, Luna alimuua mkewe Paz Pardo de Tavera na mama mkwe wake, na 1893 mahakama ilimwachia. Liandikeni kwenye maelezo ya picha kwa sentensi moja isiyozunguka. Paz naye ni mtu wa historia hii.

FundiNyuzi

Kulintang na akodiani msizilazimishe kupiga pamoja. Kulintang ni patu ndogo 8 zilizolala juu ya kamba kwenye fremu, za Wamaguindanao na Wamaranao wa Mindanao, na kila seti ina sauti zake zilizotoka kwa mfua shaba. Haziendi na noti za akodiani, na patu huwezi kuikaza. Zipeni muda wao peke yao, dakika 15, kwenye kona ya mbali na meza, kwa sababu agung, upatu mkubwa unaoandamana nazo, ikipigwa kwenye nundu yake ukumbi mdogo unatetemeka.

Anayepatana na akodiani ni bandurria, ala ya nyuzi ya rondalla (bendi ya nyuzi ya Kifilipino). Ina nyuzi 14 katika makundi 6. Chagueni kundiman, wimbo wa mapenzi wa Kifilipino, ulio wa mapigo matatu kama valse musette (waltz ya akodiani ya Kifaransa), ila wa mwendo wa pole. Kundiman huanza na huzuni ya maina, kisha katikati inageuka meja, na kwa mpiga akodiani ya vitufe vya besi mgeuko huo ni rahisi: kodi ya D maina na ya D meja zinakaa jirani, kidole kinahama kitufe kimoja.

Kuhusu kupatanisha: akodiani haikazwi, na za Kifaransa nyingi noti yao ya A ipo hezi 442 badala ya 440. Kwa hiyo nyuzi zifuate akodiani. Mpiga akodiani atoe noti ya A kwenye rejista ya ulimi mmoja. Akiitoa kwenye rejista ya musette, ndimi mbili au tatu zinapishana makusudi ili sauti itetemeke, na mwenye bandurria hatajua ashike ipi. Mpeni nusu saa ndani ya ukumbi ule ule, watu wakiwa wameshaanza kuingia, maana joto la watu linalegeza nyuzi.

MwanaLyon

Nimebadilisha mpango: Parisian Life mlangoni, kulintang saa 12 jioni kabla ya chakula, bandurria na akodiani baada yake. Kuna kibali cha muziki?

FundiNyuzi

Ndiyo, tangazeni kwa SACEM, shirika la haki za watunzi wa muziki Ufaransa, kabla ya siku yenyewe, malipo huwa nafuu kuliko ukitangaza baadaye. Pelekeni orodha ya nyimbo mtakazopiga, na tenganisheni zile za mapokeo na zile ambazo watunzi wake bado wana haki.

KoroshoNaSiagi

Saa 12 kulintang, basi keki zitoke friji saa 2 kasorobo. Na kisu cha kukatia kichovye kwenye maji ya moto, ukipanguse kila kipande, meringi isipasuke.