Mke wa Nyamgondho na nywele kavu: kamera inawatendea haki wanawake wa ngano?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila kutukanana. Siku hizi wapiga picha wanawavalisha wasichana mavazi ya wanawake wa ngano zetu, wakisema wanaonyesha jinsi matarajio ya jamii kwa mwanamke yanavyobadilika. Wazee wanalalamika kwamba ngano zinaharibiwa. Vijana wanajibu kwamba ngano zenyewe zilimwonea mwanamke, acha zipinduliwe.

Mpwa wangu alipigwa picha akiwa mke wa Nyamgondho. Kwa asiyeijua hadithi: Nyamgondho mwana wa Ombare alikuwa mvuvi maskini wa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Siku moja akavua mwanamke mzee, asiyetazamika. Akampeleka nyumbani, na ng'ombe wakajaa boma. Utajiri ukamlevya, na pombe pia. Usiku mmoja akamtukana yule mama kwamba alimwokota majini. Mama hakubishana. Alishika njia ya ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata, hadi ndama wa mwisho. Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake mpaka akageuka mti.

Nilikuwepo siku ya picha. Mpwa wangu ana miaka 22, na ni mzuri kweli. Alipakwa poda, akasimamishwa maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akaambiwa aangalie nywele zisilowe. Ametolewa kilindini, halafu nywele kavu! Nikauliza kwa nini asitafutwe mama mtu mzima. Nikaambiwa picha haitavutia.

Hilo liliniuma, na bado linaniuma. Ngano haikumdai mwanamke yule urembo. Ilimpa heshima kwa alichokuja nacho, na alipodharauliwa ikamwacha aondoke nacho. Kamera ndiyo iliyomwekea sharti ambalo bibi zetu hawakumwekea. Kama tunasema matarajio yanabadilika, tuseme pia yapo yaliyoongezeka.

Kupindua ngano kwenyewe sikupingi. Bibi yangu hakusimulia hadithi mara mbili ikafanana. Chukueni yule msichana wa Kinandi aliyeozwa kwa Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo ambaye mkuki haukumwingia. Lwanda alipougua, alimwomba amchanje chale. Wembe ukagoma mwilini, akamwambia achanje kivuli, na kivuli kikatoka damu. Msichana akatoroka kupeleka habari kwao. Kwa Wajaluo ni msaliti. Kwa Wanandi je, waliomtuma binti yao akalale kwa adui? Huyo ningependa apigwe picha ameinama na wembe, anatazama damu inatoka ardhini, hajaamua bado.

Sasa nauliza. Mnaopinga, ni kipi hasa mnachoona kinapotea? Na ninyi wenye kamera, yupo aliyewahi kumwomba mama wa miaka 70 aingie ziwani, alowe hadi kichwani, awe mke wa Nyamgondho? Kama yupo, naomba niione picha yake.