Counterspell ya 2014 au ya 2024: ipi inafaa pambano la wachawi?

Mleta mada
Wakuu, meza nyingi za mchezo wa kuigiza wa Dungeons & Dragons siku hizi zinachanganya vitabu viwili, na ugomvi unaanzia hapa. Kwa kitabu cha 2014, Counterspell (uchawi wa kuzima uchawi wa mwingine) ya sloti ya 3, yaani nafasi ya kurushia uchawi ya ngazi ya 3, inazima papo hapo uchawi wowote wa ngazi ya 3 kushuka. Ukizidi hapo, mzimaji anatupa dadu ya pande 20, anajumlisha uwezo wake wa kichawi, na lazima afikishe 10 jumlisha ngazi ya uchawi ule. Kitabu cha 2024 kimegeuza kibao: dadu anatupa yule aliyerusha uchawi, anajinusuru kwa uimara wa mwili wake, yaani Constitution, na akishindwa anapoteza tendo lake tu. Sloti yake inabaki.

Mimi nasimama na 2014, kwa sababu ya bei. Unakuja uchawi wa ngazi ya 5. Ulipe sloti ya 3 na kubahatisha kufikisha 15, ambapo kwa uwezo wa +5 una asilimia 55? Au ulipe sloti ya 5 na uuzime bila dadu? Uamuzi huo ndio moyo wa pambano. Kwa sheria mpya, sloti ya 3 na ya 9 zinafanya kazi ile ile.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, naomba kutofautiana. Unajuaje kwamba ni ngazi ya 5? Kitabu cha nyongeza cha 2017 kinasema kutambua uchawi unaporushwa kunatumia lile lile jibu la papo (Reaction) la kuzimia, na dadu ya Arcana, yaani ujuzi wa mambo ya uchawi, ifikishe 15 jumlisha ngazi. Jibu la papo ni moja kwa mzunguko. Ukitambua, huwezi kuzima. Labda mwenzako atambue, akupigie kelele, ndipo uzime wewe.

Msimamizi, yaani anayeendesha mchezo, akishasema "anarusha Fireball" (mpira wa moto), bei unayoisifu inakuwa imeandikwa ukutani. Sheria ya 2014 inafaa pale tu msimamizi anaposema "ameinua mkono, ameanza kunuiza", halafu akanyamaza kusubiri. Wangapi wananyamaza?

Halafu angalia ngazi ya 5 ya mhusika. Fireball ni dadu 8 za pande 6, wastani 28. Kwa 2014 inazimwa kila mara, hakuna dadu, na sloti imekwenda. Kwa 2024, mzimaji mwenye Intelligence (akili) +4 anaweka kizingiti cha 15, namba ambayo mrushaji lazima aifikishe: Wizard (aina ya mhusika mchawi) mwenye Constitution +2 anashindwa asilimia 60. Angalau mchezaji anashika dadu mkononi.

Mchangiaji wa pili
Umemtaja Wizard, lakini Sorcerer, aina nyingine ya mchawi, ana ujuzi wa kujinusuru kwa Constitution tangu ngazi ya 1. Mwili ule ule wa +2 unakuwa +5, anashindwa asilimia 45. Na adui mkubwa je? Lichi (mchawi mfu anayetembea) wa 2014 anajinusuru kwa +10. Dhidi ya kizingiti cha 17 anashindwa asilimia 30 tu, na hata hapo ana Legendary Resistance 3 kwa siku za kugeuza kushindwa kuwa kushinda. Kwa sheria ya zamani ngao hiyo haikumsaidia, maana hakuwa anajinusuru chochote. Wachezaji wamepokonywa silaha, tuseme ukweli.

Mchangiaji wa tatu
Wote mnahesabu dadu wakati pambano linaamuliwa na futi 60 na macho. Counterspell inahitaji umwone mrushaji, ndani ya futi 60. Hilo halijabadilika katika vitabu vyote viwili.

Fireball inafika futi 150. Kaa futi 65, rusha, rudi nyuma ya ukuta kwa mwendo uliobaki. Kama chumba ni kidogo, tumia tendo la Ready, yaani kuandaa tendo lifanyike sharti likitimia: ukiwa bado nyuma ya ukuta, rusha uchawi na kuushikilia. Kurusha kumefanyika hapo, bila kuonekana. Kisha toka hadi kona, na sharti lako liwe "adui yeyote atakapoanza kusogea". Ukiuachia, Counterspell haina cha kushika tena.

Gharama yake ni kubwa, isomeni vizuri. Kushikilia kunataka umakini (Concentration), ambao unashika uchawi mmoja tu, kwa hiyo uchawi mwingine wa umakini uliokuwa nao unakatika. Ukipigwa kabla ya kuachia, jinusuru dhidi ya kizingiti cha 10 au nusu ya madhara, ipi kubwa. Ukishindwa, sloti imepotea bure. Sharti lisipotimia kabla ya zamu yako, imepotea pia. Na kuachia kunakula jibu lako la papo, kwa hiyo mzunguko huo huna Shield (uchawi wa ngao) wala Counterspell. Wengi wanakufa hapo.

Jambo jingine linalosahaulika: Counterspell haina maneno, ni ishara ya mkono peke yake. Ukiwa ndani ya Silence, uchawi unaoziba sauti, bado unazima. Ukiwa na upanga mkono mmoja na ngao mwingine, bila kipaji cha War Caster, huzimi.

Mchangiaji wa nne
Naongeza moja. Kwa 2014, Fireball yako ikizimwa, unaweza kuzima ule uzimaji. Kwa 2024 kila zamu ni sloti moja tu ya kurushia uchawi, kwa hiyo kwenye zamu yako mwenyewe huwezi. Anayekukinga ni mwenzako. Kundi lenye Counterspell moja sasa liko uchi.

Mleta mada
Hoja ya kunyamaza kwa msimamizi nimeipokea, na ya lichi inanipa nguvu zaidi. Napendekeza hivi: dadu ibaki kwa mrushaji kama 2024, sloti yake ibaki, ila kila ngazi ya sloti juu ya 3 iongeze 1 kwenye kizingiti. Msimamizi asitaje jina la uchawi.

Mchangiaji wa pili
Sloti ya 5 dhidi ya lichi yule: kizingiti 19, anashindwa asilimia 40 badala ya 30. Hapo naweza kulipa. Legendary Resistance iacheni, kila anapoitumia kulinda uchawi wake amebakiwa na moja pungufu dhidi ya Banishment, uchawi wa kumfukuza.