Mrejesho: Mama kutokwa vipele baada ya CT scan

Wakuu, niliuliza kuhusu mama aliyetokwa vipele vyekundu mgongoni na mapajani, siku kadhaa baada ya kuchomwa ile dawa ya mshipani ya kung'arisha picha za CT scan. Daktari wa ngozi anasema ni mzio wa kuchelewa, unaoweza kujitokeza kuanzia saa 1 hadi siku 7 baada ya sindano. Kapewa vidonge vya mzio na krimu ya steroidi; muwasho umetulia, ngozi inabanduka kidogo tu.

Mliomshauri aache samaki na kamba, hapana jamani! Mzio wa vyakula hivyo hutokana na protini zake, si ayodini, madini yaliyomo pia kwenye ile dawa ya CT scan. Tumeandika jina kamili la dawa hiyo ya sindano kwenye kadi yake, akipimwa tena wachague nyingine. Malengelenge, vidonda mdomoni au homa vikijitokeza, wahini hospitali.