Kompyuta inavumilia usiku, mchana inazima: nimekosea wapi katika kuongeza kasi?

Isevya_Video

Habari za leo wakuu. Ninaishi Isevya hapa Tabora, na shughuli yangu ni kuhariri video za harusi na vipaimara. Kompyuta yangu niliiunganisha mwenyewe: prosesa ni AMD Ryzen 5 3600 yenye feni iliyokuja nayo kwenye boksi, ubao mama una chipseti ya B450, na memori ni vipande viwili vya DDR4 vya GB 8 kila kimoja, vyote vimeandikwa 3600. Cha kwanza nilikinunua Kariakoo, cha pili niliagiziwa kutoka Mwanza miezi kadhaa baadaye.

Wiki tatu zilizopita niliingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), nikawasha wasifu wa XMP wa memori (mpangilio wa kasi uliohifadhiwa humo na kiwanda), nikaipandisha prosesa hadi gigahezi 4.3 kwa viini vyote sita, na volti nikaifunga kwenye 1.40. Nilijaribu kwa Prime95, programu ya kuichosha prosesa, usiku, saa mbili nzima bila tatizo, nikalala nikijua kazi imekwisha. Kumbe mchana ninaporenda (ninapoitoa video iliyokamilika), mara skrini ya bluu, mara inajiwasha upya bila kusema neno. Kilichonitisha zaidi ni cha Jumamosi: video ilimalizika salama, lakini bibi harusi alipokuja kuitazama, pale pa kulishana keki picha ilivurugika ikawa vipande vya kijani na zambarau. Je, nipunguze kasi ya prosesa, niongeze volti, au memori ndiyo yenye kasoro?

Fundi_Kanyenye

Mwangaluka, jirani. Volti usiiongeze hata kidogo kwa sasa. Ulibadilisha prosesa na memori siku moja, ndiyo maana hujui umkamate yupi. Rudisha BIOS ilivyokuwa kiwandani, kisha uanze na memori peke yake.

Watu wengi hudhani XMP ni kuiruhusu memori ifanye kazi ilivyoandikwa, kumbe nayo ni kuongeza kasi. Kwa prosesa za kizazi chako AMD imeidhinisha memori hadi 3200 tu. Yanayozidi hapo ni juhudi zako mwenyewe, na volti ya memori nayo hupanda kutoka 1.2 ya kawaida hadi 1.35. Tena ile 3600 ni idadi ya mapigo ya data, si saa yenyewe, yaani mdundo unaoiongoza memori. DDR husafirisha data mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo saa halisi ni megahezi 1800, na njia ya data iliyomo ndani ya prosesa hujitahidi kwenda nayo sambamba kwa kasi hiyohiyo. Si kila prosesa inaiweza.

Kuhusu vipande vyako viwili, kibandiko hueleza kasi na hakielezi chipu zilizomo ndani. Kiwanda kinachouza vipande viwili katika pakiti moja kimevijaribu pamoja, lakini hivyo vyako vilikutana kwa mara ya kwanza mezani kwako. Weka MemTest86, programu ya kupima memori, kwenye flashi, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo bila Windows, na uache mizunguko yote minne iishe. Ikitokea kosa moja tu, mpangilio huo ukatae. Ile keki ya kijani ndiyo inayonifanya niishuku memori: data ikiharibika humo, si lazima kompyuta izime. Huandika uharibifu huo kwenye faili na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwana_wa_Ujiji

Naongeza kidogo nikiwa huku Kigoma. Mwenzetu amefanya kosa nililolifanya mimi mwaka jana: amejaribu usiku. Tabora mwezi wa kumi, chumba cha bati kisicho na dari, saa nane mchana na saa nane usiku ni kama miji miwili tofauti, na joto la chumba likipanda, la prosesa nalo hupanda karibu kwa kiasi hichohicho. Jaribio la kuaminika lifanyike kwenye saa mbaya kuliko zote, mlango umefungwa kama unavyoufunga ukiwa kazini ili kelele za bodaboda zisiingie.

Halafu hiyo 1.40. Joto hufuata kasi moja kwa moja, lakini volti hulipandisha kwa kipeo chake cha pili. Ukitoka 1.25 kwenda 1.40 umeongeza takriban robo ya joto kabla hata hujagusa kasi, na feni yako ya boksi ina kipande kidogo cha aluminiamu kisicho na shaba ndani. Aidha, Tabora iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,200, hewa yake ni nyepesi kiasi kuliko ya Dar es Salaam, basi feni ileile hubeba joto pungufu. Si jambo kubwa, lakini linajumlishwa na vumbi. Prosesa hiyo hujilinda ikifika nyuzi 95. Wengi waliozizoea hawapendi kuzifungia volti zaidi ya 1.3 na ushee kwa kazi nzito ya kila siku, kwa sababu huchakaa polepole, na baada ya miezi kadhaa kasi iliyokuwa ikivumilika haivumiliki tena.

Na faida yenyewe ni ipi? Ukiiacha ijiendeshe hufika karibu 4.0 au 4.1 kwa viini vyote. Unapigania asilimia tano au sita.

Kijana_Cheyo

Wazee, tusimvunje moyo. Kabla ya kushuka hadi 3200 ajaribu 3400, na volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayosimamia memori) aiweke 1.1. Mimi yangu ilitulia hapo.

Fundi_Kanyenye

Ajaribu, mradi apime kila kipande peke yake kwanza. Pia afungue kumbukumbu za matukio za Windows atafute neno WHEA, kwa maana hapo huandikwa makosa ambayo mfumo uliyasahihisha bila kukwambia.

Isevya_Video

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Kipande cha Kariakoo kikiwa peke yake kwenye 3600 kilimaliza mizunguko minne bila kosa. Cha Mwanza kilianza kutoa makosa katika mzunguko wa pili, mistari myekundu ikajaa skrini nikiwa nakunywa chai. Kwenye 3400 na SoC ya 1.1 vilikaa pamoja usiku kucha, lakini nilipoanza upya saa saba na nusu mchana, makosa mawili. Nimeshuka 3200, mchana, mlango umefungwa: sifuri.

Prosesa nimeiachia ijiendeshe. Zamani HWiNFO, programu ya kusoma joto, ilikuwa inaonyesha nyuzi 93 ninaporenda, sasa inaishia 78, na hiyo ni baada ya kuipuliza vumbi na kubadilisha dawa ya joto (ile inayopakwa kati ya prosesa na feni) iliyokuwa imekauka kama udongo. Harusi ya saa moja iliyokuwa ikichukua dakika 41 sasa inachukua 43. WHEA hakuna tena. Video ya bibi harusi nimeirenda upya na nimeitazama yote mwenyewe kabla ya kumpigia simu.

Swali la mwisho: kwa kuwa nimeshuka 3200, volti ya memori niishushe pia, au niiache 1.35?

Fundi_Kanyenye

Iache. Wasifu wa XMP wa vipande vingi vya 3200 nao hutumia 1.35 hiyohiyo, na kipande chako cha Mwanza hakina nguvu za kupunguziwa.