Keki za vijiti: mashine ya umeme, moldi ya silikoni au kufinyanga kwa mkono?

Mwana_Chumbageni
Wapendwa, habari za mchana. Nataka kuanza kutengeneza keki za vijiti nyumbani, zile za duara zilizochovywa chokoleti, wengine wanaziita keki popu. Dukani nimeona mashine ya umeme yenye matundu 12, kuna moldi ya silikoni ya kuingiza kwenye oveni, na wengine wanasema fikicha keki ufinyange kwa mkono. Nichukue ipi? Nalipia Ijumaa.

Fundi_Chenga
Dada, swali lako ni nusu. Vipande vingapi? Vitaliwa ndani au uwanjani? Mwezi gani? Friji unayo? Mzani?

Jiko_la_Makorora
Anayeanza achukue mashine. Rojo liwe zito kidogo kuliko la keki ya kawaida, kijiko kimoja cha chakula kila tundu, dakika 4 hadi 5. Ukijaza sana linafurika na kuacha mkanda kiunoni, ukipunguza upande wa juu unabaki bapa. Mkanda ukate kwa mkasi kabla ya kuchovya, maana chokoleti haikai vizuri hapo. Moldi ya silikoni mimi siipendi, sehemu ya juu huchelewa kuiva na huwezi kuona ndani.

Fundi_Chenga
Hiyo ya mashine ni keki ndogo tu, ikilala usiku mmoja inakauka. Keki ya kijiti hasa ni chenga za keki zilizoshikana na aisingi, ile krimu tamu ya kupakia keki. Keki gramu 500 iliyopoa kabisa, kata maganda magumu ya pembeni, fikicha mpaka isibaki hata punje kubwa. Tia aisingi ya siagi kijiko kimoja kimoja, ikifika gramu 100 simama ujaribu: bonyeza donge kiganjani. Likipasuka, ongeza kijiko. Likiacha mafuta mkononi umeshapitiliza, rudisha chenga kavu. Gramu 30 kila donge, unapata kama 20. Ladha? Kwaruza ganda la chungwa la Muheza, ile rangi ya juu tu, nyeupe yake ni chungu.

Mwana_Chumbageni
Samahani, nilisahau. Ni akika, vipande 60, uwanjani, alasiri, mwezi wa pili. Friji ya mlango mmoja ipo. Mzani sina.

Bi_Raskazone
Mwezi wa pili, kaskazi, uwanjani! Basi mashine siyo swali la kwanza, mwanangu. Swali ni chokoleti.

Msiba wa keki hizi unakwenda hivi. Mtu anaweka madonge kwenye friza usiku kucha, yanakuwa mawe. Asubuhi anayachovya kwenye chokoleti ya moto. Chokoleti inaganda papo hapo, inaonekana nzuri. Baada ya robo saa donge linapata joto, linatanuka ndani ya ganda ambalo halinyooki, na ufa unatokea kuanzia kwenye kijiti. Mafuta ya siagi yanachuruzika kupitia ufa huo. Akiona ufa anazirudisha friji, na zikitolewa tena hewa yetu ya baharini inazitia jasho, rangi zinatiririka. Saa kumi madonge yanateleza kwenye vijiti, mtoto anabaki na kijiti mkononi.

Kwa hiyo: friza dakika 15 tu, au friji saa mbili, kisha yakae nje dakika 5 hadi 10. Yawe baridi, yasiwe barafu. Ncha ya kijiti ichovye kwenye chokoleti kwanza, choma mpaka nusu ya donge, acha ishike. Chokoleti iwe vuguvugu, kwenye kikombe kirefu chembamba. Zamisha mara moja, inua, gongagonga kifundo cha mkono huku unazungusha. Usikoroge donge ndani.

Jiko_la_Makorora
Ikiwa nzito, tone la mafuta ya nazi.

Bi_Raskazone
Hapana, si kwa Tanga! Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi kama 24, na uwanjani mwezi wa pili zinapita 30. Ganda litabaki laini siku nzima. Tumia kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia yanayoganda. Na ununue chokoleti ya kompaundi, ile yenye mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao: haihitaji kipimajoto. Chokoleti halisi nyeusi lazima ichovywe kwenye nyuzi 31 au 32, la sivyo inapauka na haikakamai.

Fundi_Chenga
Naongeza: tone moja la maji au mvuke, na chokoleti nzima inakuwa mabonge. Sufuria ya maji isichemke kwa nguvu, bakuli lisiguse maji. Rangi iwe ya mafuta, siyo ya maji.

Kaimati_Tamu
Akika bila kaimati? Kaimati 60 haziogopi jua, hazihitaji friji.

Fundi_Chenga
Ndugu, kaimati hazina mpinzani, lakini shira uwanjani inaleta nyuki. Fungua uzi wako wa kaimati, mada hii isipotee.

Kaimati_Tamu
Shira ikikaushwa vizuri hainati. Wengi wanaitoa motoni mapema.

Bi_Raskazone
Ikipitiliza nayo inarudi sukari. Tone la ndimu linazuia.

Mwana_Chumbageni
Kwa hiyo 60 ni keki kilo moja na nusu, aisingi gramu 300 na kidogo, kompaundi kama gramu 800. Hela ya mashine niielekeze kwenye mzani? Na vijiti, vya mishikaki vinafaa?

Jiko_la_Makorora
Vya mishikaki vina ncha kali, ni hatari kwa watoto, na ni vyembamba, donge linazunguka. Nunua vya karatasi vya sentimita 15. Mashine bado nakushauri.

Fundi_Chenga
Mzani kwanza. Donge la gramu 40 kwenye kijiti cha karatasi halifiki jioni.

Kaimati_Tamu
Bi Raskazone, ndimu unaitia mwanzo au ikishaanza kuvutika?