Naomba ushauri: seva za juu ya raki zinavuta hewa ya moto

Habari wakuu. Nina raki (kabati la seva) ya 42U, yaani nafasi 42, kwenye kituo cha data tunachochangia na wateja wengine. Ina seva 4 zinazobeba mashine pepe (kompyuta za kiprogramu), kila seva ina RAM ya GB 512, na swichi 2 za mtandao juu kabisa. Hewa inayoingia seva ya chini ni nyuzi 21, ya juu inafika 31, wakati ASHRAE (chama cha wahandisi wa mifumo ya kupoza hewa) wanapendekeza 18 hadi 27.

Nafasi wazi zote zimezibwa kwa vibao, kwa hiyo nashuku swichi. Milango yake ya kuchomeka nyaya inatazama nyuma ya raki, na feni zinavuta hewa upande huohuo: zinameza joto na kulitoa mbele, pale pale seva za juu zinapovuta. Je, nibadilishe feni ziwe za mwelekeo wa pili (pamoja na pawa saplai, maana kuchanganya mielekeo kunaweza kuzima swichi), au nizigeuze swichi na kuvumilia nyaya zote kupita mbele?

La pili linanikosesha usingizi. Njia ya umeme A inavuta ampea 7.5 na B 7.1, kila moja ina fyuzi ya 16. A ikikatika, B inabeba 14.6, zaidi ya kikomo cha asilimia 80 ya fyuzi, ambacho ni 12.8. Kuzima seva moja kungesaidia, ila RAM imetumika asilimia 74. Mzigo wa seva 4 ukihamia 3 unafika karibu 99. Mngeongeza RAM kwanza, au mngehamishia seva moja raki nyingine?