Mrejesho: ontolojia ya maduka ya viungo

Assalaam alaykum. Niliuliza namna ya kuunda ontolojia (ramani ya aina za vitu na mahusiano yake) ya maduka ya viungo, Darajani hapa Unguja hadi Chake Chake, Pemba, ili mashine zielewe nani anauza nini, wapi na kwa bei gani. Shukran sana ndugu ulionishauri nisianzie sifuri.

Nimetumia schema.org, msamiati wa pamoja wa kuelezea vitu kwenye tovuti, ambao mwaka 2012 ulipokea ndani yake GoodRelations, ontolojia ya biashara ya Martin Hepp. Uzuri wake ni kutenganisha mfanyabiashara, ofa, bidhaa na mahali. Mwenye duka Darajani na tawi Chake Chake anabaki mfanyabiashara mmoja mwenye mahali pawili, na mdalasini uleule una ofa mbili, ya jumla na ya rejareja. Saa za Ramadhani nazo zina pa kukaa, na tarehe zake za kuanza na kwisha.

Kilichonishughulisha hasa ni vipimo. Kilo ina msimbo wa kimataifa, KGM. Pishi haina, na wapo wanaouza kwa pishi na kibaba. Niliambiwa nigeuze vyote viwe kilo. Nimekataa, maana pishi ni ujazo: ya iliki na ya pilipili manga hazilingani uzito hata kidogo. Nimeiandika kwa maneno kwenye sehemu ya kipimo, nikaongeza kanuni yangu: pishi moja ni vibaba vinne. Hapo tu ndipo palipohitaji kubuni.

Faili zote ni za JSON-LD, muundo wa kuandika data ili mashine ziisome. Aliopo Wete akitaka kuongeza maduka ya huko, karibu sana, nitampa.